Konokono kwenye tangi la samaki: watoe, usiwaulie ndani

Mwenye tangi la lita 100 sebuleni, Mwanga au Ujiji hapa Kigoma, akiuliza dawa ya konokono hupewa jibu jepesi: weka kitu fulani jioni, kesho wote wamekufa. Wanakufa kweli. Kesho kutwa samaki nao wanaelea.

Tatizo liko kwenye maji yetu. Maji ya Ziwa Tanganyika yana pH (kipimo cha tindikali ya maji; 7 ni katikati) inayokaribia 9, na bomba la mji linavuta humohumo. Konokono mia mbili wakifia ndani ya tangi huoza kwa pamoja, na uozo ule hutoa amonia. Kwenye maji ya pH 7 yenye joto la nyuzi 25, chini ya asilimia 1 ya amonia hiyo ndiyo inayokuwa katika umbo la sumu kali. Kwenye pH 8 inafika kama asilimia 5. Kwenye pH 9 ni kama asilimia 36. Maelekezo mengi ya mtandaoni yameandikwa na watu wenye maji ya pH 7; uozo ambao samaki wao wanauvumilia tu, wako watakufa nao.

Kwa hiyo kazi yote inayofuata ina shabaha moja: konokono watoke wakiwa wazima, wafie nje.

Kwanza, ni konokono gani?

Subiri taa ya tangi izimwe saa nzima, kisha mulika kwa tochi. Utakaowaona Kigoma karibu wote wanaingia kwenye makundi matatu.

Wapo bapa, gamba limejikunja kama mkanda uliozungushwa mezani, rangi ya kahawia au nyekundu. Hawa hutaga mayai ndani ya ute mgumu kidogo, bapa, wenye rangi ya chai hafifu, umegandamana na kioo au jani.

Wapo wadogo wenye ncha fupi na tumbo pana, gamba jembamba la kupasuka kwa kucha. Shika gamba ncha ikiwa juu, mdomo wake ukikutazama: mdomo ukiwa upande wako wa kushoto, ni jamii hii ya kibofu. Ukiwa kulia, ni jamii nyingine ya mabwawani, inayodhibitiwa kwa njia zilezile. Mayai yao ni donge la ute mwororo, angavu, lenye vitone ndani.

Wa tatu ni wa parafujo: mrefu, mwembamba, amezunguka kama msumari wa skrubu, wengi kati ya sentimita 1 na 3. Mchana anajizika mchangani, usiku anapanda kioo. Huyu hatagi. Anazaa watoto hai, na jike hahitaji dume. Halafu ana kifuniko kigumu mdomoni: ukimtisha anajifungia, na anaweza kukaa siku kadhaa nje ya maji bila kufa. Ukiwa na huyu, jua kabisa kwamba kazi yako ni ndefu mara mbili.

Hao wawili wa kwanza nao hawahitaji mwenza. Kila mmoja ni dume na jike kwa pamoja na anaweza kujirutubisha, ndiyo maana mmoja aliyepanda na jani anatosha kuwa mwanzo wa ukoo mzima.

Kichocho si hadithi ya vitabuni

Konokono wanaobeba kichocho ni wa maumbo hayohayo. Biomphalaria, mbebaji wa kichocho cha tumbo, ni bapa. Bulinus, mbebaji wa kichocho cha kibofu cha mkojo, ana mdomo wa kushoto. Kwa macho matupu huwezi kumtenganisha mbebaji na yule asiye na neno, hivyo kila konokono aliyetoka mtoni, mtaroni au ufukweni mchukulie kuwa anacho.

Ila ogopa kwa kiasi. Mdudu wa kichocho haridhiwi kupitia mayai ya konokono. Konokono anaambukizwa pale tu maji yanapoingiwa na kinyesi au mkojo wa mtu mgonjwa. Kizazi kilichoanguliwa ndani ya tangi lako ni kisafi. Hatari ni wale konokono wakubwa waliokuja na majani kutoka, tuseme, bonde la Luiche, na konokono mwenye maambukizi anaweza kuendelea kuachia viluwiluwi vya kichocho kwa wiki nyingi. Viluwiluwi hivyo vinaishi majini kama siku mbili na vinapenya ngozi nzima isiyo na jeraha.

Basi, kama tangi limeingizwa majani, mawe au konokono wa nje katika miezi michache iliyopita, vaa glovu ndefu zinazofika kiwikoni. Na usinyonye mpira wa kutolea maji kwa mdomo, hata kama umefanya hivyo miaka kumi. Ujaze mpira maji kwanza, ziba ncha zote mbili kwa vidole vyenye glovu, zamisha ncha moja, shusha nyingine kwenye ndoo, achia. Ngozi ikiwasha baada ya kugusa maji hayo, nenda hospitali ukapimwe na useme uligusa nini. Kichocho kina dawa, praziquantel, lakini dozi inapimwa na mganga.

Hesabu kabla ya kuanza

Bandika vipande vinne vya selotepu nje ya kioo cha mbele, upate mraba wa sentimita 10 kwa 10, karibu na mchanga. Zima taa saa 3 usiku. Saa 4 mulika na uhesabu konokono waliomo ndani ya mraba. Andika. Rudia usiku uleule kila wiki, saa ileile. Bila mraba huo utajidanganya, kwa sababu usiku mmoja wanapanda wengi na mwingine wachache, na jicho linakumbuka lile linalolitaka.

Wakiwa wawili au watatu kwenye mraba, waache. Wanakula mabaki na ukijani wa kioo, na yule wa parafujo anageuza mchanga usigande. Kuna faida nyingine watu hawaijui: konokono wakipanda wote hadi juu ya maji mchana kweupe, hewa imepungua au maji yameharibika, na wanakuambia kabla samaki hawajaanza kuhema. Pima maji, angalia pampu.

Wakizidi kumi kwenye mraba, endelea kusoma.

Chakula ndicho kinachowazaa

Konokono hawaongezeki kwa bahati mbaya. Wanaongezeka kulingana na kile samaki wanachokiacha. Ukitoa konokono mia na kuacha mkono wako ukimwaga chakula kama jana, baada ya miezi miwili utakuwa palepale.

Angalia kinachotokea ukitupa dagaa wa kusaga. Punje kubwa zinanyakuliwa juu. Unga mwembamba hakuna anayeushughulikia. Unashuka taratibu kama vumbi, unatua katikati ya changarawe, na usiku ndipo wanapokuja kuula. Kwa hiyo dagaa akishasagwa, mpitishe kwenye chujio la chai na uutupe ule unga uliopita. Lisha zilizobaki juu ya chujio. Hatua hii peke yake inashusha idadi kuliko watu wanavyotarajia. Ugali, wali na mkate visiingie kabisa.

Kipimo: kinachokwisha ndani ya dakika 2, mara moja kwa siku, na siku moja kwa wiki bila chakula chochote. Samaki wazima wenye afya hawaumii na siku hiyo. Vifaranga usiwafungishe, hao wapewe kidogo kidogo mara mbili au tatu, na mabaki yanyonywe kwa mpira mwembamba. Wenye samaki aina ya Tropheus watakuwa wanajua kwamba dagaa si chakula chao hata kidogo: ni walaji wa ukijani, na vyakula vya nyama vinawavimbisha tumbo.

Taa iwake saa 8 kwa siku, isizidi, na tangi lisipigwe na jua la dirishani. Ukijani nao ni chakula cha konokono. Majani yaliyooza yang'oe siku unayoyaona.

Mtego wa chupa

Chukua chupa tupu ya maji ya nusu lita. Ioshe kwa maji matupu, bila sabuni. Pasha moto ncha ya msumari wa inchi 3 kwenye jiko, toboa matundu kumi hivi kuzunguka sehemu ya chini, sentimita 1 kutoka kitako, kila tundu liwe na upana wa milimita 8. Kama una samaki wadogo wanaoishi kwenye magamba matupu ya konokono, yafanye ya milimita 6. Toboa mengine mawili madogo karibu na shingo ili hewa itoke, la sivyo chupa itaelea. Weka ndani kokoto safi mbili au tatu za kuizamisha.

Chambo kizuri ni kipande cha tango chenye unene wa sentimita 1, au jani la mchicha lililochovywa kwenye maji yanayochemka kwa dakika 1 ili lilegee na kuzama. Tango limenye ganda, mchicha uoshe kwa maji mengi: mboga za sokoni mara nyingi zimepuliziwa dawa, na dawa ya wadudu ya shambani huua samaki kwa kiasi kidogo sana.

Funga kifuniko. Laza chupa juu ya mchanga mara taa inapozimwa, matundu yakigusa mchanga, maana wengi wanakuja wakitambaa chini wala hawapandi ukuta wa chupa. Itoe alfajiri kabla hujawasha taa. Ukichelewa hadi saa 3 asubuhi wa parafujo watakuwa wamekwisha kurudi kujizika, na chambo kitakuwa kimeanza kuoza.

Kuitoa nako kuna namna. Ukiivuta kwa haraka, maji yanatoka kwa nguvu kwenye matundu na konokono wanatoka nayo. Teleza wavu mdogo chini ya chupa kwanza, kisha inua vyote viwili pamoja, polepole. Mwaga kwenye beseni jeupe, tazama kama kuna kifaranga cha samaki aliyeingia, mrudishe.

Tega kila usiku kwa siku 10 za mwanzo. Kisha kila usiku wa tatu, hadi wiki ya 8. Watu wengi huacha wiki ya pili, kioo kikiwa kimeonekana safi, na hapo ndipo wanapokosea. Kwenye maji ya nyuzi 26 mayai huanguliwa ndani ya wiki moja hadi mbili, na mtoto anaanza kutaga akiwa na wiki tano au sita hivi. Ukiacha mapema umevuna wazazi tu, watoto wamebaki wakila vizuri bila ushindani.

Kuwaponda kwenye kioo kwa kidole ili samaki wale, kama wengine wanavyofanya, ni sawa kwa wanne au watano waliozaliwa tangini, tena mbele ya samaki wanaokimbilia. Zaidi ya hapo unarudi kwenye uozo.

Mayai

Kioo kikwangue kwa wembe ulioshikwa karibu bapa. Kama tangi ni la plastiki tumia kadi ya simu ya zamani. Mdomo wa mpira wa kutolea maji uende sambamba na mkono unaokwangua, uteme kila donge moja kwa moja kwenye ndoo. Ukikwangua bila kunyonya, mayai yanaanguka chini na kuanguliwa hukohuko. Tazama pia chini ya majani mapana, nyuma ya bomba la kichujio, na kwenye kona ambapo gundi ya vioo inakutana. Huko wembe usiguse, tumia mswaki laini, maana gundi ikichanika tangi litavuja.

Unganisha kazi hii na kubadilisha maji ya wiki: asilimia 20 hadi 25. Maji ya bomba yalale kwenye ndoo wazi saa 24 ili klorini itoke. Anayechota ziwani ayachuje kwa kitambaa kizito na kuyaacha siku tatu bila konokono wala samaki ndani. Viluwiluwi vya kichocho havivuki muda huo.

Wa parafujo na mchanga

Mtego unawapunguza hawa lakini hauwamalizi, kwa sababu walio wengi wako chini. Mchanga wenye kina cha sentimita 6 au 7 ni kijiji chao. Upunguze hadi sentimita 2 au 3, isipokuwa pale samaki wako wanapochimba.

Gawa sakafu ya tangi kwa macho katika robo nne, ufanye robo moja kwa wiki. Nyonya mchanga wa robo hiyo kwa mpira mpana, wa milimita 16 au zaidi, uingie kwenye ndoo. Uchekeche kwa chekeche la unga ndani ya maji; wakubwa watabaki juu. Watoto wao, wa milimita moja au mbili, watapita, kwa hiyo mchanga wote uliopita uchemshe dakika 10 kwenye sufuria isiyo ya jikoni, uupoze, uusuuze, ndipo urudi. Kuanika juani hakutoshi kwa hawa wenye kifuniko.

Kwa nini robo? Bakteria wanaomeza amonia wanaishi kwenye mchanga na kwenye sponji. Ukichemsha mchanga wote siku moja umewaua walinzi wako, na kwa pH yetu utaona matokeo ndani ya siku mbili. Na ukikuta tabaka jeusi linalonuka mayai viza, usilivuruge. Zamisha mpira taratibu, linyonye lote nje, usilirudishe.

Magamba wanamoishi samaki wadogo yanahitaji subira. Ndani ya gamba moja la Neothauma, konokono mkubwa wa ziwani, mnaweza kukaa jike, vifaranga na konokono sita. Inua gamba moja tu, likiwa ndani ya maji, ulitikise mdomo ukitazama chini juu ya bakuli. Samaki wakitoka wape gamba jingine papo hapo. Lililobaki tupu lichemshe.

Mdomo wa kichujio cha umeme uvishe soksi ya nailoni au sponji. Konokono wa parafujo wakiingia kwenye feni ya pampu wanaikwamisha, nayo huungua.

Vitu ambavyo usiviweke kwenye maji

Mrututu unaua konokono, ndiyo. Lakini kwenye maji magumu yenye pH ya juu, shaba iliyomo hushikana na chumvi za maji na kuzama, mtu anaona konokono bado wanatembea, anaongeza. Iliyozama inabaki mchangani. Siku pH ikishuka inaweza kurudi majini. Kamba hawavumilii shaba hata kidogo, na kambale wasio na magamba huumia mapema kuliko wenzao.

Niclosamide inayotumika kuua konokono wa kichocho kwenye mabwawa huua na samaki kwa kipimo hichohicho. Utupa sihitaji kumweleza mtu wa Kigoma: ni sumu ya kuvulia samaki, na bado kuna anayependekeza majani yake eti kwa sababu ni ya asili. Chumvi itamsumbua yule wa kibofu, lakini wa parafujo huvumilia hata maji ya chumvichumvi. Siki na limao vinashusha pH, na kweli gamba la konokono linalika kwenye maji yenye tindikali. Samaki wa Tanganyika watakuwa wametangulia.

Kama limeshatokea na konokono wamekufa kwa wingi, utajua kwa harufu na magamba yanayoelea nyama ikining'inia. Toa mizoga yote kwanza. Badilisha nusu ya maji kwa maji yaliyolala, yenye joto lilelile. Pampu ya hewa iwe kwenye nguvu ya mwisho; umeme ukikatika, chota maji kwa jagi na kuyamimina tena kutoka urefu wa sentimita 20, mara hamsini, pumzika, rudia. Usilishe siku tatu. Kila siku katika hizo badilisha robo ya maji.

Samaki walao konokono

Ziwa lina wake, na hao ndio wa kufikiria. Neolamprologus tretocephalus, mwenye mistari mitano myeusi, hutafuna konokono porini na tangini. Ni mkali, anafika kama sentimita 15, asiwekwe chini ya lita 200 wala pamoja na wadogo. Kambale wa madoa, Synodontis multipunctatus, ni mpole zaidi na anawindia usiku, wakati uleule konokono wanapotoka. Ila mfugaji wa samaki wanaolelea mayai mdomoni ajue: kambale huyu hudondosha mayai yake wakati wa kutaga kwao, jike anayaokota pamoja na yake, na watoto wa kambale wanawala wenyeji humohumo mdomoni.

Bunju mkubwa aitwaye Tetraodon mbu naye anakula konokono kama karanga, lakini anapita sentimita 60. Si wa sebuleni. Kaa wa ziwani wana makucha ya kuvunjia magamba, na inasemekana ndiyo sababu konokono wa asili wa Tanganyika wamekuwa na magamba mazito yenye matuta, kama ya baharini: wamewindwa nao kwa muda mrefu mno. Hawa wetu wa tangini wana magamba ya karatasi, lakini kaa aliyemaliza konokono ataanza samaki usiku unaofuata.

Konokono mla wenzake wa Asia, anayeuzwa sana nchi nyingine, asiletwe Kigoma. Ziwa lina konokono wasiopatikana kwingine popote duniani, na tangi la nyumbani liko mwendo mfupi kutoka mtaroni.

Wasirudi

Wanaingia na majani kuliko kitu kingine. Shabu ya sokoni, ileile ya kutuliza maji ya tope, inafaa hata kwa majani laini: vijiko 2 vya chakula vya shabu iliyosagwa kwa lita 4 za maji, loweka siku mbili hadi tatu, suuza kwenye maji matatu. Siku moja inaua watoto wengi na kuacha mayai. Majani magumu yanaweza kuchovywa kwenye dawa ya klorini isiyo na manukato: ikiwa ni ya asilimia 3.5, kikombe 1 kwa vikombe 14 vya maji, dakika 2 kwa saa ya mkononi, kisha suuza na loweka kwenye maji safi hadi harufu iishe kabisa. Usijaribu kwa majani mepesi kama nyuzi, yanageuka ute.

Baada ya kuloweka, majani yakae kwenye ndoo yenye mwanga wiki nne, ukitazama kila siku chache. Inachosha. Mwenye haraka ataanza upya kwenye sehemu ya mraba wa selotepu.

Magamba matupu ya ziwani chemsha dakika 10. Mawe usiyachemshe kwenye sufuria, mengine yana nyufa zenye maji na hupasuka. Yaweke kwenye beseni na kuyamiminia maji yanayochemka mara mbili. Vivyo hivyo nyavu na ndoo. Samaki wapya wahamishe kwa wavu, yale maji ya mfuko yasiingie tangini. Na ndani ya mipaka ya Hifadhi ya Gombe usichukue hata kokoto.

Uliowatoa

Beseni la asubuhi limiminie maji yanayochemka na uliache dakika 5. Kama tangi halijawahi kuwekwa mrututu wala dawa yoyote, waliochemshwa wapondwe wapewe bata. Gamba lile ni chokaa nzuri kwa wanaotaga. Kama huna bata, chimba shimo la sentimita 30, fukia. Wazima wasimwagwe mtaroni, kwa kuwa mitaro ya mji huu inateremka ziwani, na chooni pia wasitupwe. Maji machafu ya tangi yapeleke kwenye shina la mgomba, mbali na kisima, ukiyapitisha kwanza kwenye kitambaa. Wale watakaonaswa wanarudi kwenye beseni la maji ya moto.